Dirisha na Ukuta

Mwalimu wetu wa mchoro alikuwa na beseni. Naanza na hilo kwa sababu ukimuuliza yeyote kati ya sisi saba aliotufundisha, kitu cha kwanza atakachokutajia ni beseni. Lilikuwa la plastiki, la bluu, limepasuka ukingoni, na lilikaa juu ya kiti mlangoni mwa darasa pamoja na kipande cha sabuni na kitambaa. Huingii bila kunawa. Ukishanawa unanyoosha mikono, yeye anaigeuza, anatazama kucha, anatazama katikati ya vidole. Mikono ikimridhisha anasema, "Pita." Isipomridhisha hasemi kitu, anakuonyesha beseni kwa kidevu. Tulikuwa kidato cha tatu, wavulana wengine wana ndevu tayari, na hatukupenda hata kidogo.

"Jasho lako likishaingia kwenye karatasi halitoki," alikuwa akisema. "Msahihishaji atajua mpaka ulichokula mchana."

Niseme mapema ninachokiandikia, nisije nikaonekana nasifia tu. Sote saba tulifaulu mchoro kwa sababu yake. Matokeo yalipotoka, wenzangu sita walipanda kwake kumwambia. Wa saba ni mimi, na mimi sikwenda. Sikwenda siku ile, sikwenda mwaka ule, na nikakaa miaka kumi na miwili bila kwenda, wakati kutoka kwetu hadi kwake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Sababu ninayo na nitaisema, ila haitanipendezesha.

Kwa wasiolijua somo lenyewe: mchoro wa kihandisi si kuchora mbuzi wala mlima. Unapewa kitu, tuseme koki ya bomba. Unakichora kilivyo ukikitazama kwa mbele, kwa juu na kwa ubavu, kila mtazamo mahali pake kwenye karatasi moja, pamoja na vipimo, ili fundi ambaye hajawahi kukiona akitengeneze bila kukupigia simu. Ni hivyo tu. Ugumu uko kwenye hayo maneno "mahali pake", na hapo ndipo tulipoangukia sisi na yeye.

Alikuja kwetu kwa njia ya maziwa. Alikuwa akikaa mlimani juu ya mtaa wa Sakina, kule migomba inapoanza kubanana, na kila asubuhi alishuka na dumu la maziwa ya chai ya walimu. Siku moja mkuu wa shule alikuwa ametuita saba ofisini kututangazia kwamba somo la mchoro linafutwa, kwani mwalimu wake kahamishwa na mwingine hatapatikana. Mzee wa maziwa alikuwa amesimama mlangoni akisubiri dumu la jana. Akakohoa.

"Samahani, Mkuu. Mimi nilikuwa mchoraji wa kiwanda miaka thelathini."

Mkuu akamtazama kuanzia kofia hadi mabuti ya mpira yenye samadi. "Mchoraji wa nini, mzee wangu?"

"Wa vipuri. Mashine ikivunjika kitu, nakipima, nakichora, kinachongwa kingine."

Mkuu alikubali kwa shingo upande. Kesho yake yule mzee alikuja na dumu mkono mmoja na rula T ya wachoraji mkono wa pili, na kuanzia hapo tukaacha kumwita mzee wa maziwa, tukamwita Mwalimu.

Kwangu mimi ilikuwa kama mtu amenishika mkono nikiwa nadondoka. Nilitaka chuo cha ufundi, na bila mchoro chuoni hunioni. Baba yangu alikuwa ameshaniwekea mpango wake: ukikosa hicho chuo chako, Januari unaingia dukani kwa shangazi, kule Kimandolu, unakunja vitenge. Sina neno na vitenge. Lakini nilikuwa nimeshajiona nikikunja vitenge hadi uzeeni, na picha hiyo ilikuwa inaninyima raha. Nilikuwa msichana peke yangu katika wale saba, na Baba alisema kama kweli Mungu angetaka nichore angeniletea mwalimu. Basi akaletwa, tena na maziwa.

Hakuwa mpole. Watu wanapenda kusikia kwamba mwalimu aliyewasaidia alikuwa mpole, lakini yule hapana. Alinigombeza sawasawa na wavulana, jambo ambalo shuleni kwetu lilikuwa heshima kubwa, maana walimu wengine walikuwa wakinipita na kuwauliza wao. Penseli tulichonga kwa wembe, ncha iwe bapa kama patasi, na ukichonga ovyo anaivunja mbele yako na kukurudishia. Raba alizikusanya zote siku ya kwanza, akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akaliweka juu ya kabati. Ukitaka kufuta unaomba, na ukiomba anakuuliza, "Ulikuwa unafikiri nini ulipouchora?" Ukimjibu vizuri anakupa. Wengi tulirudi kukaa na mstari wetu.

Karatasi ikichafuka kwa vumbi la penseli hakutumia raba. Alitumia makombo ya mkate mkavu. Anayanyunyiza juu ya mchoro, anayasugua taratibu kwa kiganja, anayapuliza, na karatasi inabaki nyeupe. Mkate huo alikuwa akiuleta kwenye mfuko wa karatasi. Elibariki, aliyekuwa akikaa nyuma yangu na ambaye njaa yake ilikuwa haina adabu, aliula wote siku moja kabla ya kipindi. Mwalimu alipouliza, Elibariki akasema panya. Mwalimu akaangalia kifua cha shati lake, akapangusa kombo moja kwa kidole, akasema, "Panya huyu amenawa mikono. Pita ubaoni."

Vitu vya kuchora alivichonga kwenye miche ya sabuni. Alikuja na sabuni nzima na kisu cha jikoni, na unavyomtazama inageuka kuwa kabari, ngazi, kizibo chenye tundu. Kisha anaikata katikati ili uone ndani kulivyo. Mkewe tulimjua kwanza kwa malalamiko hayo, kabla hatujamwona: kila Ijumaa anarudishiwa sabuni za maumbo ambayo hayashikiki mkononi, na afulie hizohizo. Baadaye tulipozoea kwenda kwao Jumamosi kumalizia kazi, Bibi alitukaribisha loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando kwenye vikombe vikubwa, akatuambia kwa sauti ya kusikika hadi zizini, "Mwambieni mwalimu wenu leo nataka sabuni ya mraba." Mwalimu akajifanya hasikii. Yule mtu aliyelitetemesha darasa zima alikuwa anamwogopa mama watoto wake waziwazi, na hakuona aibu.

Kwake kulikuwa na jambo jingine la kuchekesha. Mtu aliyeweza kukurudisha kwa nusu milimita alikuwa na uzio ambao kila nguzo imeelekea upande wake, na lango la kuburuza, lazima ulinyanyue ndipo lifunguke. Mimi nina mdomo, siwezi kuona kitu nikanyamaza. Nikamuuliza, "Mwalimu, mbona uzio wako umepinda hivi?"

Akaugeukia, akautazama kama anauona mara ya kwanza. "Huo sikuuchora," akasema. Basi, akaendelea kukata majani ya ng'ombe.

Sifa hakuzitoa. Neno lake la juu kabisa lilikuwa, "Hiki kinatengenezeka." Nililipata mara mbili katika miaka miwili, na mara zote mbili nilishindwa kula chakula cha mchana kwa furaha. Na yeye sifa hakuzipokea. Ukimshukuru anageuza maneno haraka, anakuambia habari za ndama.

Sasa nije kwenye maneno yake. Mtihani ulikuwa kwa Kiingereza, vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, lakini yeye alituambia mtu hawezi kuona kitu kwa lugha ya kuazima. Akatupa maneno yake. Ile mistari ya mshazari inayojazwa mahali kitu kilipokatwa aliiita chale. Mstari wa katikati aliuita uti. Na kubwa kuliko yote, akatupa dirisha na ukuta.

Katika darasa letu kulikuwa na dirisha moja tu lililobaki na kioo. Akamtoa Elibariki nje na stuli, akaniweka mimi ndani, akanipa chaki. "Unachokiona, kichore hapohapo kwenye kioo." Nikachora stuli kwenye kioo. "Sasa fikiri kioo kimeizunguka stuli pande zote, kama sanduku. Ukisimama kushoto kwake unachora kwenye kioo cha kushoto. Ukiitazama kutoka juu unachora kwenye kioo cha juu. Sanduku ukilikunjua, cha kushoto kinakaa kushoto, cha juu kinakaa juu. Hilo ndilo dirisha." Nilielewa papo hapo. Mpaka leo nikifunga macho naiona ile stuli ya chaki na nyuma yake Elibariki anavyonitolea ulimi.

Ukuta aliutaja siku hiyohiyo, kwa dakika tano labda. Kuna watu, alisema, hawatumii kioo kilicho mbele ya kitu. Wanakisukuma kitu hadi kwenye ukuta ulio nyuma yake, kinaacha alama huko. Hapo mambo yanageuka: ulichokiona ukiwa kushoto kinaangukia upande wa kulia, ulichokiona kutoka juu kinaangukia chini. "Lakini hiyo ni ya zamani," akasema. "Sisi kiwandani michoro yote iliyotujia ilikuwa ya dirisha." Tukafunga ukurasa. Mwaka mzima na nusu tukachora kwa dirisha, na tukawa wazuri.

Mitihani ya nyuma tuliyojifunzia ilikuwa nakala ya nakala, imepigwa fotokopi kwenye kibanda kimoja barabara ya Nairobi, na kila ukurasa wa kwanza ulikuwa umekatwa juu. Hakuna aliyejiuliza kulikuwa na nini hapo juu. Maswali tuliyaona, tukayafanya, yeye akasahihisha.

Kidato cha nne tukafanya mtihani wa mkoa, ule wa kujipima kabla ya ule wa Taifa. Karatasi hizo zilikuwa kamili. Juu yake palikuwa na maelekezo kwa herufi nzito, na tuliyasoma sote saba: michoro yote iwe ya pembe ya kwanza, "first angle" kwa Kiingereza chao. Tuliyasoma na hatukuelewa kitu, maana sisi hatukuwa na pembe. Sisi tulikuwa na dirisha na ukuta. Mimi nikadhani ni mambo ya kukaa sawa na kona ya meza. Elibariki akadhani anaambiwa aanzie kwenye kona ya kwanza ya karatasi, na akaanzia hapo kweli, akakosa nafasi. Pembe ya kwanza ndiyo ukuta. Wote saba tulichora kwa dirisha, safi kabisa, kila mtazamo mahali pasipo pake.

Karatasi zilirudi zikiwa na maneno mekundu yaleyale kwenye zote saba. Alama ya juu ilikuwa yangu, kumi na tisa kwa mia. Msahihishaji alikuwa ameandika barua kabisa kumuuliza mkuu inakuwaje shule nzima ikosee kosa moja kwa mkono mmoja, kama si kuibiana. Mkuu akaja nayo darasani, akamkabidhi Mwalimu mbele yetu, akasimama kumtazama anavyosoma.

Mwalimu alisoma barua. Akachukua karatasi ya Elibariki, akayasoma yale maelekezo ya juu, midomo ikitembea. Aliyarudia. Akatafuta kiti kwa mkono bila kutazama, akakaa. Sikuwa nimewahi kumwona amekaa darasani kabla ya siku ile.

"Kosa hili si la watoto, Mkuu," akasema. "Ni langu."

Angeachwa hapo pengine ingetosha. Lakini mimi nilikuwa nimeshika kumi na tisa yangu, navisikia vitenge vya shangazi vikiniita, na imebaki miezi miwili. Nikasimama. Nikasema, "Kama ulikuwa hujui, kwa nini usingekaa kwako ukachunga ng'ombe? Umetuharibia maisha."

Nilimwambia mzee yule maneno hayo, mtu wa umri wa babu yangu, aliyekuwa akija kwa miguu kila siku. Hata Mkuu, ambaye mwenyewe alikuja na hasira, alinigeukia kwa mshangao. Mwalimu hakunifokea. Alisema, "Ni kweli, binti," akachukua dumu lake, akatoka. Nikajua siku hiyohiyo kwamba nimekosa, na nikajiambia nitaomba radhi akija tena.

Kesho yake saa moja na nusu beseni lilikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja mapema kutuzidi sote, na kile kioo cha dirisha alikuwa amekibandika karatasi ya manila chote, kisionekane. Akatuambia anaanza upya, kuanzia ukurasa wa kwanza, na akatuandikia maneno ya mtihani ubavuni mwa maneno yake, tukayaimba kama shule ya awali. Kisha akasema kitu ambacho sijamsikia mwalimu mwingine akikisema. "Mkono wangu umezoea dirisha miaka thelathini. Utaniponyoka. Nikikosea mnishike hapohapo, msinionee haya."

Na ukamponyoka kweli. Anasimama ubaoni, anaeleza ukuta vizuri kabisa, halafu mkono wenyewe unapanda juu kuuchora mtazamo wa juu. Mimi ndiye niliyemshika zaidi ya wote. Nilikuwa namvizia, nakiri, na nilikuwa namshika bila neno zuri: "Chini." "Kulia." Hivyo tu. Yeye anasimama, anafuta, anasema, "Asante, binti," anachora upya. Miezi miwili alifundishwa na mimi mbele ya watu, na hakukosa kuja hata siku moja. Nami miezi miwili sikumwamkia. Wenzangu wanaingia, "Shikamoo, Mwalimu," mimi nanyoosha mikono yangu iliyonawa, anaitazama, anasema, "Pita," napita. Ile radhi niliyojiahidi kuomba nilikuwa naiahirisha kila asubuhi, na kadiri ninavyoiahirisha ndivyo ninavyozidi kumnunia, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea adabu. Sijui kama msomaji amewahi kufanya hivyo. Mimi nimefanya.

Siku ya mtihani hawakumruhusu kuingia, kwa kuwa hakuwa mwajiriwa. Alisimama nje ya geti na penseli saba alizochonga mwenyewe. Nilipokea yangu nikitazama chini. Ndani ya chumba, nilipofungua karatasi na kuona neno pembe, mkono wangu nao ulianza kupanda juu. Kilichonirudisha ni yeye, anavyofuta ubao. Niliuona ule mkono wake unapanda juu, unasita, unashuka chini. Nikashusha wangu. Nilichora saa zote tatu na nikatoka nikijua nimefanya.

Nilipata B. Nilikwenda chuo, nikamaliza, na leo nachora ramani za nyumba kwenye ofisi moja Njiro, kwa kompyuta, ambako hakuna anayenawa mikono. Kila kitu nilichokipata kimepitia pale. Mikono yangu, jicho langu, hata ukali wangu kwa vijana wanaokuja kujifunza, vyote ni vya yule mzee. Na nilikuwa nalijua hilo tangu siku ya matokeo, nilipowaona wenzangu sita wanapanda kwake na soda, Elibariki ananiita, "Twende bwana," mimi nasema kichwa kinaniuma. Wiki mbili baadaye nikaondoka kwenda chuoni. Likizo ya kwanza nikasema nitakwenda ya pili. Baada ya hapo kila mwaka uliongeza uzito wake, mpaka ikawa kwenda kwenyewe ndiyo jambo la kushangaza.

Mwaka huu nilipeleka gari la ofisi kwa Elibariki. Ana gereji Sakina siku hizi, na vipuri vingine anachora mwenyewe na kupeleka kuchongwa. Nikamuuliza Mwalimu anaendeleaje, nikijifanya nauliza tu.

"Yupo. Miguu ndiyo imechoka," akasema kutoka chini ya gari. "Nakwenda mara mojamoja. Anatuulizia wote, huyu yuko wapi, yule ana watoto wangapi. Wewe tu ndiye asiyekuulizia."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Na sisi hatukutaji. Tutaanzaje, kwa yale uliyomwambia?"

Hilo lilinichoma. Nikaona basi, mzee ana kinyongo, na ana haki. Nililala nalo siku tatu. Jumamosi nikanunua sukari na majani ya chai, nikapanda kwake asubuhi, nikijiambia nitaomba radhi hata kama atanifukuza, maana akifa bila kunisikia sitajisamehe.

Alikuwa zizini, amekaa kwenye kigoda, anakatakata majani ya migomba kwa panga. Alikuwa amekonda, kofia imemzidi kichwa. Nikapiga magoti kwenye majani yale, jambo ambalo sikuwa nimelipanga.

"Shikamoo, Mwalimu."

Panga likasimama. Hakuhitaji kuuliza mimi ni nani, sauti aliitambua. "Marahaba," akasema, na akaendelea kuyatazama majani. "Baba hajambo?"

"Hajambo, Mwalimu."

"Mvua huko kwenu imenyesha?"

"Imenyesha." Akaniuliza habari za barabara. Akaniuliza habari za mama. Akaniambia ng'ombe mmoja amegoma kula tangu jana. Aliuliza kila kitu duniani isipokuwa mimi, na nikaona nikiendelea kujibu nitaondoka bila kusema.

"Mwalimu, nimekuja kuomba radhi. Yale niliyokuambia darasani..."

"Hapana." Alinikata kwa ukali wake wa zamani. "Hapana. Yale yalikuwa kweli. Mimi ndiye wa kukuomba radhi, binti. Nilikuharibia maisha yako, na sikupata nguvu ya kukutafuta nikuambie hivyo."

Sikumwelewa. Nikamwambia, "Umeniharibia vipi?"

"Wenzio walipokuja, nilihesabu. Sita." Alikuwa bado haniangalii. "Nikajua wa saba ameanguka. Wao wakaona vibaya kunitajia, na mimi sikuuliza. Ningeweza kuuliza. Niliogopa kuambiwa."

Miaka kumi na miwili nilidhani namkwepa mtu aliyenikasirikia. Kumbe kila siku ya miaka hiyo alikuwa huku juu, na majani yake na ng'ombe wake, akijua kwamba amenipoteza.

"Mwalimu," nikasema, "mimi sikuanguka. Nilipata B."

"B ya nini?"

"Ya mchoro. Nilikwenda chuo. Nachora, Mwalimu, ndiyo kazi yangu mpaka leo."

Aliliweka panga chini. Alijaribu kusimama, miguu ikakataa, akakaa tena. Kisha akaita kwa nguvu, "Mama watoto! Mama watoto, njoo hapa!"

Bibi alikuja mbio akijipangusa mikono, akidhani ng'ombe amekufa. Aliponitambua alisimama mlangoni mwa zizi. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akashika mdomo. Baadaye aliniambia kwamba kila mwaka matokeo yakianza kutangazwa mzee huzima redio na kutoka nje, na yeye alishachoka kumwambia nenda shuleni ukaulize.

"Mwambie," Mwalimu akasema. "Mwambie na yeye asikie."

Nikamwambia Bibi. Akaanza kulia palepale. Mwalimu hakulia, alikuwa ameinama mbele, mkono nyuma ya sikio, na nikaona kumbe masikio yake nayo yamechoka.

"Sema tena," akasema. "Taratibu. Nataka nilisikie lote."

Nikasogea hadi magotini pake, nikamshika mkono, nikasema taratibu kama alivyotaka. "Nilifaulu, Mwalimu. Sote saba tulifaulu."